Habari za Henry Longfellow na Binti Zake

Wako watu ambao majina yao hukumbukwa kwa sababu ya vita walivyoshinda, au nchi walizotawala, au vitabu walivyoviandika. Mtu tunayetaka kuwasimulia habari zake aliandika vitabu vingi, navyo vilimpa sifa kubwa katika Marekani na katika Ulaya. Walakini katika mambo yote aliyoyaandika, mojawapo lililopendwa sana na watu ni jambo dogo: ni habari ya muda mfupi wa jioni, baba ameketi katika kiti chake, na binti zake watatu wadogo wanamjia mbio na kumparamia. Wengine hudhani ya kuwa jambo la namna hiyo halistahili kuandikwa. Na wengine hudhani ya kuwa baba achezaye na watoto wake, hasa watoto wa kike, hujipunguzia heshima. Maisha ya mtu huyu yatuonyesha sivyo. Jina lake ni Henry Wadsworth Longfellow.

Alizaliwa tarehe 27 Februari mwaka wa 1807 katika mji wa Portland, ulio kando ya bahari upande wa kaskazini mashariki wa Marekani. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye alitaka mwanawe afuate kazi hiyo hiyo. Lakini kijana alipenda vitabu kuliko mambo ya mahakama. Alisoma katika chuo cha Bowdoin, akamaliza mwaka wa 1825, akiwa na umri wa miaka 18. Wakuu wa chuo walimwona kuwa ana kipawa cha lugha, wakamwahidi kazi ya ualimu kama akienda Ulaya kwanza kujifunza. Basi akavuka bahari mwaka wa 1826, akakaa huko miaka mitatu, akajifunza Kifaransa, Kihispania, Kiitalia na Kijerumani. Aliporudi akawa mwalimu wa lugha katika chuo kile kile alichosomea.

Mwaka wa 1831 alimwoa Mary Potter, msichana wa mji wake. Baada ya miaka minne wakasafiri pamoja kwenda Ulaya, maana chuo kikuu cha Harvard kilikuwa kimemwita, naye alitaka kujifunza zaidi kabla ya kuanza kazi. Katika safari hiyo mimba ya mkewe iliharibika, akaugua, akafa katika mji wa Rotterdam, nchi ya Uholanzi, mwezi wa Novemba mwaka wa 1835. Longfellow alikuwa na umri wa miaka 28 tu. Hakuwa na mtoto, wala ndugu karibu. Ilimpasa kuendelea na safari bila mkewe, akiwa mgeni katika nchi ngeni.

Aliporudi Marekani alianza kazi Harvard, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Mwaka wa 1837 alipanga vyumba katika nyumba moja kubwa ya zamani, iliyojengwa mwaka wa 1759. Nyumba hiyo ilikuwa na habari zake: Jenerali George Washington alikaa humo mwaka wa 1775 na 1776, alipokuwa akiongoza majeshi ya Marekani katika vita vyao na Waingereza. Kutoka madirishani mtu aliweza kuutazama mto Charles ukipita polepole katika majani ya mabondeni. Longfellow aliipenda nyumba hiyo tangu siku za kwanza, wala hakuiacha mpaka kufa kwake.

Katika safari yake ya Ulaya alikuwa amekutana, huko Uswisi, na msichana mmoja jina lake Frances Appleton, ambaye watu wa kwao walimwita Fanny. Longfellow alimpenda, lakini Fanny hakuwa tayari. Alingoja miaka saba. Mwisho msichana alikubali, wakaoana tarehe 13 Julai mwaka wa 1843. Na baba yake Fanny, aliyekuwa tajiri wa viwanda vya nguo, akainunua ile nyumba ya zamani, akawapa iwe yao. Basi yule mpangaji mpweke wa vyumba viwili akawa mwenye nyumba nzima, na mke mwenye akili nyingi na ucheshi.

Mungu aliwajalia watoto sita. Wa kwanza walikuwa wavulana wawili, Charles mwaka wa 1844 na Ernest mwaka wa 1845. Wa tatu alikuwa binti, aliyezaliwa tarehe 7 Aprili mwaka wa 1847, akapewa jina la mama yake. Kuzaliwa kwake kulikuwa jambo la kusemwa sana, maana mama yake ndiye mwanamke wa kwanza katika Marekani kupewa dawa ya kuondoa maumivu, iitwayo etha, wakati wa kuzaa. Watu wengi waliliona jambo hilo kuwa baya. Wengine walisema kwamba si halali kuyaondoa maumivu ya uzazi. Mumewe hakuwasikiliza. Alitafuta habari za dawa hiyo, akakaa upande wa mkewe, na mtoto akazaliwa salama.

Huyo mtoto mdogo hakukaa sana duniani. Aliugua, na wazazi wake wakamwuguza usiku na mchana, hata tarehe 11 Septemba mwaka wa 1848 akafa, akiwa na umri wa miezi 17. Baba aliyekuwa amezoea kumsikia akijaribu maneno yake ya kwanza akaona nyumba imekuwa kimya. Baadaye alitunga shairi la faraja, na wazazi wengi waliofiwa na watoto walilisoma wakalia, wakapata nguvu.

Miaka miwili baada ya msiba huo akazaliwa Alice, mwezi wa Septemba mwaka wa 1850. Kisha akaja Edith mwaka wa 1853, na wa mwisho ni Anne Allegra mwaka wa 1855. Mtu aliyekwisha kumzika binti mmoja hawezi kuwachukulia hao wengine kuwa jambo la kawaida. Nadhani ndiyo sababu aliwatazama kwa macho ya kuangalia sana, akazikumbuka hata hatua zao na sauti zao.

Katika miaka hiyo sifa zake zilikuwa zimeenea. Alikuwa ametunga habari ya msichana Evangeline, mwaka wa 1847, na mwaka wa 1855 akatoa utenzi mrefu wa Hiawatha, juu ya Wahindi wekundu wa Amerika. Kitabu chake kimoja kilichotoka mwaka wa 1858 kiliuzwa nakala 15,000 siku ya kwanza katika miji ya Boston na London. Tena hakuandika mambo ya kupendeza tu. Mwaka wa 1842 alitoa mashairi ya kulaumu biashara na utumwa wa watu weusi, wakati ambapo wengi katika nchi yake walitaka jambo hilo linyamaziwe, naye alitoa fedha zake kuwasaidia watumwa waliotoroka. Na wasomaji wetu watapenda kujua ya kuwa alifasiri kwa Kiingereza shairi la Esaias Tegnér, askofu wa Kilutheri wa Växjö katika nchi ya Uswidi, linalosimulia habari za watoto wa usharika mmoja wa shamba wanaokuja kuthibitishwa na kupokea Meza ya Bwana mara ya kwanza.

Mtu mwenye kazi nyingi namna hii angaliweza kuufunga mlango wake na kuagiza watoto wasimsumbue. Kila siku barua zilimjia kutoka nchi mbalimbali, na wageni walibisha hodi bila kukoma. Mwaka wa 1854 aliacha ualimu wa Harvard apate nafasi ya kuandika. Lakini mlango wa chumba chake cha kusomea haukufungwa kwa watoto. Kitabu chake cha mambo ya kila siku, pamoja na habari za mashairi na za wageni wakubwa, chataja jinsi alivyojenga nao vijumba vya theluji mbele ya nyumba wakati wa baridi, na jinsi alivyoteleza nao juu ya mbao katika mteremko. Alikuwa na kalamu iliyojulikana duniani, lakini vilevile aliishika penseli kuwachorea watoto picha za kuchekesha, za watu wa kubuni na visa vyao, na chini ya picha akaandika maelezo kwa uangalifu kana kwamba ni kitabu cha kupiga chapa. Alice alipokuwa mtu mzima aliandika habari za baba yake nyumbani, wala hakuzisahau picha hizo.

Sasa tutazame ile saa ya jioni. Jua limekwisha kutua, usiku haujaingia, na kazi ya mchana imekoma kidogo. Baba yumo chumbani mwake karibu na taa. Juu ya dari anasikia vishindo vya miguu midogo, kisha mlango unafunguliwa, kisha sauti za kunong'onezana. Kumbe ni shauri la vita! Wasichana watatu wanashuka ngazi pana ya ukumbini. Alice ni mtulivu, kama wengi walio wakubwa katika watoto. Allegra, aliye mdogo kuliko wote, hawezi kuzuia kicheko. Na Edith ana nywele za rangi ya dhahabu. Wananyamaza, wakidhani baba hajui neno. Naye baba anajua yote, lakini anakaa kama asiyejua, maana furaha ya watoto imo katika kumshtua. Mara wanaingia mbio kwa milango yote, wanapanda juu ya kiti, wanamzunguka pande zote asipate pa kukimbilia, wanambusu. Naye anajifanya kama boma lililotekwa.

Shairi alilolitunga juu ya saa hiyo lilitokea katika gazeti la Atlantic Monthly mwezi wa Septemba mwaka wa 1860. Wakati huo Alice alikuwa karibu kutimiza miaka 10, Edith miaka 7, na Anne Allegra miaka 5. Katika shairi hilo baba anajifananisha, kwa mzaha, na askofu mmoja wa hadithi za kale za Ujerumani, ambaye kwa ubaya wake alikimbilia mnara ulio katika mto Rhine, na panya wakamfuata hata huko. Ndivyo anavyowaona binti zake: panya wadogo wasiozuiwa na kuta! Lakini mwisho wa mzaha ni upendo: baba anasema ya kuwa wao ndio waliotekwa, wala hatawafungua kamwe. Shairi likapendwa mno. Msanii Thomas Buchanan Read alikuwa amewachora wasichana hao watatu pamoja, na picha ya mchoro huo ikatundikwa katika nyumba nyingi za watu wasiopata kuwaona.

Yafaa kuangalia jambo moja hapa. Mchezo huo ulihitaji vitu gani? Haukuhitaji fedha, wala vitu vya kuchezea vya gharama. Ulihitaji mambo mawili tu: kwamba baba awe mahali panapojulikana, kwa saa inayojulikana, na kwamba akubali kushindwa na wadogo wake. Mtoto ajuaye ya kuwa baba atakuwa katika kiti chake wakati wa magharibi ana kitu cha kutegemea siku nzima. Na baba aliyekubali kushindwa katika mchezo hakuvunjiwa heshima. Maana hatusikii popote ya kuwa binti hao walimdharau. Walimtii na kumpenda hata uzee wake.

Basi tumefika katika jambo zito. Miezi kumi baada ya shairi hilo kutokea, tarehe 9 Julai mwaka wa 1861, siku ya joto, Fanny alikuwa nyumbani akifunga vifungu vya nywele zilizokatwa kwa binti zake, kama wazazi wa huko walivyozoea kuziweka kwa ukumbusho. Alikuwa akizitia katika karatasi na kuzifunga kwa lakiri. Moto ukashika gauni lake jepesi. Akakimbia, naye akaingia katika chumba kile kile cha kusomea, alimokuwamo mumewe amesinzia. Longfellow akaruka, akatwaa zulia kuuzima moto, na lilipokuwa dogo akamkumbatia mkewe kwa mikono yake mwenyewe. Moto ulizimika, lakini Fanny alikuwa ameungua sana. Kesho yake akafa.

Mazishi yalikuwa tarehe 13 Julai, siku ile ile ya mwezi waliyooana miaka 18 kabla yake. Mumewe hakuweza kwenda. Alikuwa amelala kitandani, uso na mikono vimeungua. Kwa sababu ya makovu hakuweza kunyoa tena, akaacha ndevu zikue. Na zile ndevu nyeupe watu wazionazo katika picha zake, ambazo wengi hudhani ni pambo la mzee mwenye heshima, zilianza kwa msiba huo. Mwanzoni huzuni yake ilikuwa kubwa hata aliogopa kwamba akili zitamwacha.

Alikuwa na umri wa miaka 54, na watoto watano hawakuwa na mama. Charles alikuwa na miaka 17, Ernest 15, Alice 10, Edith 7, na Anne Allegra miaka 5 tu. Ndugu na rafiki walikuja kumsaidia, tena palikuwa na mwalimu wa kike nyumbani wa kuwafundisha wasichana. Lakini baba hakuwapeleka watoto wake kwa watu wengine ili yeye akae na huzuni yake. Alibaki katika nyumba ile ile, wala hakukihama chumba kile kile, ambacho sasa kilikuwa na kumbukumbu mbili: watoto walioingia mbio wakicheka, na mama yao aliyeingia mbio akiungua.

Hapo twaona faida ya ile saa ya jioni. Kama baba huyu angalikuwa mgeni kwa binti zake hata siku ya msiba, angaliwezaje kuwaendea siku hiyo? Mtoto wa miaka mitano hafarijiwi na sifa za baba yake, wala na vitabu vyake. Hufarijiwa na magoti ambayo amezoea kuyapanda. Longfellow hakuwa na haja ya kujifunza njia ya kuwafikia watoto wake wakati wa giza, kwa sababu njia hiyo ilikuwa imekanyagwa kila siku wakati wa furaha. Nao watoto walikuwa wakimjua njia ya kumfikia yeye.

Hatutaki kusema ya kuwa mambo yakawa mepesi. Habari zake za miaka ile zaonyesha ya kuwa siku za Krismasi zilikuwa nzito kwake, hata watoto walipomsalimu kwa furaha. Mbele ya watu alikuwa mtulivu. Ndani jeraha halikupona. Kwa muda mrefu hakutunga mashairi mengi yake mwenyewe, bali alishika kazi ya kufasiri kitabu kikubwa cha Dante kutoka Kiitalia, kazi aliyoimaliza na kuitoa mwaka wa 1867. Wakati wa joto aliwachukua watoto kwenda Nahant, kando ya bahari, kama walivyozoea.

Tena taabu nyingine ikaja. Vita vya Marekani juu ya utumwa vilikuwa vimeanza mwaka wa 1861. Mwaka wa 1863 Charles alitoka nyumbani bila ruhusa ya baba yake, akajiandikisha jeshini upande wa kaskazini. Mwezi wa Novemba mwaka huo akapigwa risasi katika Virginia, ikapita karibu na uti wa mgongo. Longfellow alikwenda Washington pamoja na Ernest, wakamngoja, wakamleta nyumbani mwezi wa Desemba. Baba hakumlaumu mbele ya watu, alimwuguza. Kijana akapona.

Mwaka wa 1868 alisafiri na binti zake watatu kwenda Ulaya, pamoja na jamaa wengine. Huko Uingereza chuo kikuu cha Cambridge kilimpa heshima ya udaktari, na Malkia Victoria akamwita nyumbani kwake Windsor. Mwaka uliofuata chuo cha Oxford kilimheshimu vilevile. Binti zake, ambao walimjua kama boma la kutekwa jioni, wakaona jinsi wakuu wa dunia walivyosimama kumpokea. Na nyumbani Cambridge wageni hawakupungua. Hata Pedro wa Pili, mfalme wa Brazili, alikula mezani pake mwaka wa 1876.

Upendo wake kwa watoto haukuishia kwa watoto wake. Miaka mingi kabla yake alikuwa ametunga shairi juu ya mhunzi wa kijiji, aliyefanya kazi chini ya mti mkubwa wa kivuli, ambaye siku ya Jumapili husikia sauti ya binti yake akiimba kanisani na kumkumbuka mama wa mtoto aliyekwisha kufa. Alilitunga hilo kabla hajawa baba, wala hakujua ya kuwa siku moja yeye mwenyewe atakuwa kama mhunzi huyo. Mwaka wa 1876 mti huo ulikatwa ili njia ipanuliwe. Ndipo watoto wa shule wa Cambridge wakachanga senti zao, na kwa ubao wa mti huo kikatengenezwa kiti, wakampa siku alipotimiza miaka 72, tarehe 27 Februari mwaka wa 1879. Mzee alifurahi mno. Aliandika shairi la shukrani, akalipiga chapa, na kila mtoto aliyekuja kukitazama kiti alipewa nakala. Walikuja wengi, na viatu vyao vilileta matope ndani, lakini mlango haukufungwa.

Binti zake walikua wakawa wanawake wa maana. Alice alikuwa mmoja wa wale walioanzisha, mwaka wa 1879, mafundisho ya juu kwa wanawake karibu na Harvard, wakati chuo kile kilipokuwa kikiwapokea wanaume peke yao. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa chuo cha Radcliffe mwaka wa 1894. Hakuolewa, aliitunza nyumba ya baba yake hata alipokufa mwaka wa 1928. Edith aliolewa mwaka wa 1878, na Anne Allegra mwaka wa 1885, nao wakajenga nyumba zao karibu na ile ya baba. Mwaka wa 1913 watoto wake waliweka mpango wa kuihifadhi nyumba hiyo, na mwaka wa 1972 ikatolewa iwe mali ya taifa. Wageni huingia humo na kuiona ngazi pana waliyoshuka wale wasichana.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1882 Longfellow alikuwa mzee wa miaka 75, na mwili wake ulikuwa dhaifu. Tarehe 18 wavulana wanne wa shule walitoka Boston kuja kumwona. Aliwapokea, akawaonyesha vitu vya nyumba, akawaandikia jina lake. Baada ya siku chache akashikwa na ugonjwa wa tumbo, na tarehe 24 Machi akafa, binti zake wakiwa karibu. Alizikwa katika makaburi ya Mount Auburn. Mwaka wa 1884 Waingereza waliweka sanamu ya kichwa chake katika kanisa la Westminster Abbey, London, heshima ambayo hawakupata kumpa mtungaji yeyote wa Marekani kabla yake. Na katika karatasi zake walikuta shairi fupi alilolitunga mwaka wa 1879, juu ya mkewe aliyekufa kwa moto. Kwa miaka 18 alikuwa ameuchukua mzigo huo, wala hakuwatwika watoto wake.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu hurudi nyumbani jioni tumechoka kwa shamba, au kwa shule, au kwa kazi ya usharika. Wengine tumeketi mchana kutwa na watoto wa watu, tukiwafundisha kwa uvumilivu, na tukifika kwetu hatuna uvumilivu uliosalia kwa walio wetu. Twasema: watacheza wao kwa wao, mimi nitawaangalia wakiwa wakubwa. Wala hatujui siku zilizo mbele yetu. Longfellow naye hakujua, katika mwezi wa Septemba mwaka wa 1860, ya kuwa imebaki miezi kumi tu. Alijua kwamba jua limetua, na taa imewashwa, na watoto wanashuka ngazi. Akaiweka kalamu chini.